Nilimkatalia Farasi wa Baba Kufa

Kosa ni langu. Silisukumi kwa shetani, wala kwa mvua za mwaka ule, wala kwa mtu yeyote aliyekuwa nyumbani kwetu. Nimelibeba peke yangu, na leo nalitua mbele yenu ninyi msionijua, kwa sababu wale wanaonijua sithubutu kuwatazama usoni nikalisema.

Anayetaka kucheka kwamba mwanamke mzima anamlilia farasi, na acheke. Lakini anisikilize mpaka mwisho.

Mimi ni mtu wa Getembe, mjini Kisii, katika zile nyumba za Waislamu zilizo nyuma ya soko. Babu yangu alikuja na misafara ya watu wa pwani, akaoa Mgusii, hakurudi kwao tena. Baba alizaliwa hapa hapa. Kiswahili tulikirithi kwa babu, Ekegusii kwa nyanya, na biashara kwa wote wawili.

Baba aliuza nguo, chumvi na sabuni katika masoko ya mashambani. Wiki hii Ogembo na Kenyenya, wiki ijayo Sironga kule upande wa Nyamira. Njia zilikuwa matope matupu na malori yalikuwa ya kubahatisha, basi baba alikwenda kwa farasi.

Farasi yule alimnunua kwa mzungu mmoja wa Sotik aliyekuwa akirudi kwao. Alikuwa wa kijivu, mrefu, mpole kama kondoo, lakini sauti yake! Watu walimwita Tarumbeta kwa sauti ile. Kina mama wa soko la Ogembo walikuwa wakimsikia kabla hawajamwona, wakaambiana, "Chumvi imefika."

Mimi niliolewa Kisumu. Nikakaa huko miaka mingi, sikujaliwa mtoto, mume akaniacha. Nilirudi na kisanduku changu kichwani. Ami zangu wakaja juu, wakasema mwanamke aliyeachwa asikalie nyumba ya wanaume, atafutiwe mzee yeyote wa kumwoa. Baba aliwasikiliza mpaka wakamaliza, akasema, "Nyumba hii ni yake." Basi. Hakuna aliyefungua mdomo tena.

Lishikeni hilo, maana ndipo kosa langu lilipootea.

Vita vya Hitla vilikuwa vimekwisha si zamani, wanaume wanarudi na makoti yao ya jeshi, baba alipoanguka. Alikuwa anatia udhu wa alfajiri. Nilisikia birika likibingirika. Nilipotoka nikamkuta chini, mdomo umepinda, upande wote wa kushoto umekufa. Kiharusi.

Hospitalini walimweka kidogo, kisha wakamrudisha nyumbani, wakasema tungoje amri ya Mungu. Baba akageukia ukuta. Hali, hanywi, hasemi. Uji nikimtilia kinywani unateremka shavuni. Nalia, namfuta, namtilia tena.

Nilikuwa namlilia baba, ndiyo. Lakini nimesema nitaungama yote. Nilikuwa najililia na mimi. Kila nikimtazama nawaona ami zangu wakiingia mlangoni. Baba akifa nitakwenda wapi? Nani atasema nyumba hii ni yangu?

Tulikuwa na saisi, mtu wa Kenyenya, jina lake Onsongo. Alimtunza Tarumbeta tangu siku alipotoka Sotik. Umri wake na wa baba ulikuwa haupishani sana. Mimi nilimwita Baba Moraa, kwa jina la binti yake wa kwanza. Naye alimwita baba Omogaka, ndivyo Wagusii wanavyomwita mzee wa kuheshimiwa.

Asubuhi moja Onsongo alikuwa anampeleka farasi kunywa maji. Walipopita chini ya dirisha la baba, Tarumbeta akasimama. Onsongo akamvuta, wapi! Farasi akainua kichwa, akalia mlio wa kutetemesha vyombo jikoni.

Nikamwona baba anageuza kichwa. Polepole sana. Akatoa sauti, nikainama kusikia.

"Mpe majani," akasema.

Neno la kwanza tangu aanguke! Nikapiga vigelegele peke yangu chumbani kama mwendawazimu. Siku ile baba alikunywa uji kikombe kizima.

Tangu hapo ikawa desturi. Kila asubuhi Onsongo anamleta farasi dirishani, mnyama anaingiza kichwa chake kirefu ndani, baba anatoa mkono ulio mzima anampapasa pua. Wanakaa hivyo. Farasi akiondoka, baba anakula. Siku ambayo mvua ilimzuia farasi, baba hakula.

Hakuna aliyenifundisha. Niliona kwa macho yangu, nikaamini. Nikasema roho ya baba imening'inia kwenye shingo ya yule mnyama. Huyu akienda, na yule anakwenda.

Lakini Tarumbeta alikuwa mzee jamani. Miaka ishirini na zaidi kwa farasi ni uzee mkubwa. Meno yalikuwa yamekwisha. Majani aliyachezea mdomoni kisha akayatema, mabonge mabonge yenye mate. Kwato za mbele zikavimba, zikawa na joto ukizigusa, akawa anasimama ameegemea nyuma kana kwamba ardhi inamchoma. Akija dirishani anakuja kwa hatua za bibi harusi, ila si kwa maringo, ni kwa maumivu.

Baba aliyajua kwa mkono wake.

"Amekonda," akasema asubuhi moja. Ulimi wake ulikuwa mzito lakini akili ilikuwa safi.

"Ni uzee tu, Baba," nikajibu.

"Sikukuuliza wewe. Onsongo, meno yake je?"

Onsongo alinitazama mimi kwanza. Kisha akasema, "Imeisha, Omogaka. Hakuna kitu huko ndani."

Baba aliuacha mkono juu ya pua ya farasi, akafumba macho. Nilidhani amesinzia.

"Mimi nimelala hivi mpaka Mungu atakapopenda," akasema. "Hiyo ni kazi yake, si yenu. Lakini huyu yumo mikononi mwetu. Siku akilala chini asiweze kuinuka, msimwache alale kama mimi. Muwaite watu wa bunduki kule bomani, siku hiyo hiyo." Akaniita kwa jina langu. "Niahidi."

"Naahidi, Baba."

"Sema wallahi."

"Wallahi."

Niliapa. Ulimi huu huu ninaonywea chai uliapa.

Haikupita muda mrefu Tarumbeta akashindwa kufika dirishani. Alitoka mlangoni mwa banda, akasimama, akatetemeka, akarudi. Nikamwambia baba amechomwa na mwiba, anapumzishwa. Banda lilikuwa nyuma ya nyumba, karibu kabisa na ukuta wa chumba chake. Baba akasikiliza. Hakusikia kitu. Akasukuma kikombe cha uji.

Jioni hakula. Kesho yake hakula.

Ole wangu! Nikachukua debe la mahindi, nikaenda bandani, nikidhani labda farasi akipata nafaka atapata nguvu ya kufika dirishani. Nilipolitikisa lile debe, Tarumbeta akainua masikio, akalia kama zamani. Alilijua debe lile. Maisha yake yote debe likilia ndipo alipokula.

Niliporudi ndani baba alikuwa amefumbua macho.

"Anakula?" akauliza.

"Anakula, Baba. Nimempa mahindi."

"Alhamdulillahi. Lete uji."

Hapo ndipo shetani... hapana, nimesema sitamtaja. Hapo ndipo mimi, kwa akili zangu timamu, nilipopata dawa ya baba.

Kila asubuhi nikawa naenda bandani na debe. Natikisa. Mnyama mwenye njaa analia. Namwagia mahindi mbele yake, anayaokota kwa midomo, anayageuza huku na huku, yanamwanguka yakiwa mazima, yamechanganyika na damu ya ufizi. Ananitazama. Mimi nishageuka, narudi ndani kumnywesha baba uji. Baba anakunywa kwa bidii, anamaliza, ananiomba kingine.

Farasi aliishi kwa uji wa wimbi ambao Onsongo alimpikia kwenye sufuria kuukuu na kumlambisha kwa mkono. Uji wa kumfanya asife, si wa kumfanya aishi.

Onsongo alinivumilia siku kadhaa, kisha akanisimamia mlangoni mwa banda.

"Dada, hiyo debe usitikise tena."

"Kwa nini?"

"Unamwita mezani na mezani hakuna chakula. Hata adui huwezi kumfanyia hivyo."

"Baba anakula akimsikia. Wewe hutaki Omogaka wako ale?"

Akanipisha mlangoni. Ni kweli alimpenda baba, na mimi nilijua pa kumshika.

Lakini alifanya alichoweza. Bila kuniambia, alikwenda kumleta karani wa mifugo, kijana Mkristo wa upande wa Nyamira, kaptura imepigwa pasi, kofia mkononi. Yule kijana aliingia bandani, akashika kwato, akatazama mdomo, akapitisha mkono mbavuni. Hakukaa sana.

"Mama," akaniambia, "huyu hana dawa. Bwana wetu mwenye bunduki yuko bomani wiki hii. Nikimwambia atakuja, na haitachukua dakika. Mnyama hatajua kitu."

"Mwenye farasi ni baba," nikasema, "na baba hataki."

"Amekataa mwenyewe?"

"Amekataa mwenyewe."

Nilimsingizia mgonjwa aliyekuwa amelala nyuma ya ule ukuta! Onsongo alikuwa ameshika hatamu. Aliposikia niliyosema akainamisha uso, akawa anachambua manyoya ya shingo ya farasi kana kwamba kuna kitu kimepotea ndani yake.

Karani akavaa kofia. "Basi. Mali ni yenu," akasema, akaenda zake.

Masika yakaingia. Mnaijua mvua ya Kisii. Inanyesha mchana, inapumzika, inanyesha tena, mpaka kuta zinatoa ukungu. Asubuhi moja nilipokwenda na debe, Tarumbeta alikuwa chini. Onsongo alikuwa amempitishia kamba chini ya tumbo, anavuta, anasukuma, jasho linamtiririka na mvua. Farasi alinyoosha miguu ya mbele, akajaribu. Akajaribu tena. Kisha akaweka kichwa chini.

"Leo ameanguka, Dada," Onsongo akasema. "Leo ndiyo ile siku ya Omogaka. Mimi naenda bomani."

"Ngoja kesho."

"Kesho ya nini?"

"Baba ana homa kidogo. Apate nguvu kwanza."

"Omogaka akipata nguvu, na hii mnyama ipate nini?"

Na mtu asiye na jibu hutafuta tusi. Nikamwambia, "Wewe ni saisi, si mwenye mali. Kama kazi imekushinda, njia ya Kenyenya unaijua."

Laiti angenipiga! Akaenda kwenye kijumba chake, akakunja blanketi, akabeba sufuria yake. Akataka kuingia kumuaga baba. Nikajisimamisha mlangoni.

"Amelala," nikasema. Hakuwa amelala.

Onsongo akafika barabarani, akasimama, akageuka. Si kwa ajili yangu.

"Siafu wanatoka na hii mvua," akasema. "Mimi nilikuwa natia jivu kuzunguka banda kila jioni. Usiache jivu, Dada. Hawezi kujisaidia."

Nilitia jivu jioni ile. Nikatia na jioni iliyofuata. Kisha mvua ikalisomba, nami nilikuwa nimechoka, mgonjwa ndani, mgonjwa nje, na sokoni kibanda cha nguo za baba nilichokishika tangu aanguke. Nikisema nilisahau nitakuwa nadanganya. Nililikumbuka jivu nikiwa nimekaa, nikaona uvivu kusimama.

Debe niliendelea kutikisa. Siku hizo mlio wake ulikuwa umegeuka, mzito, wa kukwaruza.

"Sauti yake imebadilika," baba akasema.

"Ni baridi, Baba. Mvua hii."

"Kesho mwambie Onsongo aje nimwulize."

"Nitamwambia." Na Onsongo alikuwa Kenyenya!

Siku ya soko nikaenda kufungua kibanda cha nguo. Sokoni ni karibu, nilizoea kumwacha baba, nakwenda na kurudi kumtazama. Asubuhi ilinyesha, kisha jua likatoka kali, ardhi ikawa inafuka moshi.

Nikakisikia kilio.

Soko lote lilikisikia. Hakikuwa kilio cha farasi mnachokijua. Mama mmoja aliyekuwa anauza ndizi akashika kifua, akasema, "Obee! Kuna mtu anauawa?" Watu wakageuza vichwa kuelekea kwetu. Mimi nilijua mara moja ni nini. Nilikuwa nampimia mteja kitambaa. Na jueni nilivyokuwa: nilimaliza kupima. Nikakata, nikakunja, nikampa. Mikono yangu ilifanya hivyo huku kile kilio kinaendelea, kwa sababu nilikuwa sitaki kufika.

Kisha nikakimbia.

Baba hakuwa kitandani. Kutoka kitandani mpaka mlango wa nyuma palikuwa na mburuzo, mkeka umevutwa, kiti kimeanguka. Nilimkuta uani, amelala kifudifudi kwenye matope kati ya jiko na banda. Alikuwa amejikokota kwa mkono mmoja. Kanzu imepanda, magoti yametoka damu. Siafu walikuwa kwenye ndevu zake, kwenye shingo, na wala hakuwa anawapangusa. Macho yake yalikuwa bandani.

Nilitazama alikotazama. Sakafu ya banda ilikuwa nyeusi, inakwenda. Ukuta ulikuwa unakwenda. Na Tarumbeta... Wasomaji, sitawaeleza. Puani, masikioni, machoni, mahali popote palipo laini. Na alikuwa hai. Alikuwa anajua kila kitu.

"Kisu," baba akasema.

"Baba, nikuinue kwanza..."

"Kisu!"

Kisu cha kuchinjia cha Idi kilikuwa kimechomekwa juu ya mlango wa jiko. Mimi nilikuwa sijawahi kuchinja hata kuku. Nikakichukua, nikaingia kwenye wale siafu, wakanipanda miguuni, mapajani. Nikapiga magoti kwenye shingo yake.

"Chini ya taya," baba alikuwa anasema kutoka matopeni. "Taja Mungu. Kwa nguvu, usikwaruze."

"Bismillahi," nikasema, nikakata.

Kisu kilikuwa butu. Tangu baba aanguke hakuna aliyekinoa. Ngozi ya farasi ni ngumu jamani. Kikaingia kidogo kikakwama, naye akarusha kichwa, akanibamiza ukutani.

"Tena!" baba akapiga kelele.

"Baba, siwezi!"

"Tena! Ulikuwa unaweza siku zote hizi, utaweza na leo! Tena!"

Nikarudi. Nikamkandamiza kichwa kwa goti, nikakata, nikakata mpaka pumzi ikaanza kutokea pale shingoni badala ya puani. Alitetemeka mwili mzima, miguu ikapiga hewa kama anayekimbia. Kisha akaacha.

Majirani walikuja na majivu na mafuta ya taa. Wakambeba baba ndani.

Nilimwosha baba mwenyewe. Nilimtoa siafu mmoja mmoja ndevuni, wengine vichwa vyao vimebaki kwenye ngozi. Hakuguna hata mara moja. Nilipomaliza akafungua mdomo.

"Lile debe," akasema.

"Naam, Baba?"

"Kila asubuhi nilisikia debe, kisha nikamsikia yeye. Nikasema moyoni, mwenzangu anakula. Nikajilazimisha na mimi nile, asije akanishinda." Akapumzika. "Alikuwa anakula?"

Ningeweza kudanganya tena. Nilikuwa fundi tayari. Lakini sikuweza, mikono yangu ilikuwa bado ina damu kwenye kucha.

"Hakuwa anakula, Baba. Nilikuwa namtikisia tu, alie, wewe usikie."

Baba akageukia ukuta.

Nilijua atakufa wiki ile ile. Nilimtafutia sanda moyoni. Lakini hakufa! Mvua zile zikaisha, wimbi likavunwa, mvua nyingine zikaja, na baba yu hai. Bila farasi. Bila dirisha. Bila mlio. Farasi yule hakuwa amebeba roho ya mtu, alikuwa amebeba woga wangu. Yote niliyomfanyia yalikuwa ya bure, bure kabisa!

Ila kwa mkono wangu baba hakula tena. Nikimletea kijiko anauma meno. Si kwa hasira, anatazama pembeni tu, kama mtu anayengoja mgeni aondoke. Siku mbili tu baada ya farasi kufa nikaona nitamuua kwa njaa. Nikapanda lori mpaka Ogembo, kutoka hapo nikakanyaga matope mpaka Kenyenya kumtafuta Onsongo.

Nilimkuta shambani na mkewe, wanapalilia. Mama Moraa aliniona akanyoosha mgongo. Hakunikaribisha kiti, na kwa Mgusii kumnyima mgeni kiti ni kumwambia kila kitu.

"Umekuja kumfukuza nani na huku?" akaniuliza.

Nikamweleza Onsongo nikiwa nimesimama, mahindi machanga yananifika magotini. Nilimweleza yote. Alisikiliza ameegemea jembe.

"Jivu uliweka?" akauliza.

"Niliacha."

Akavua kofia yake kuukuu, akajifuta nayo uso, akaishikilia hapo usoni muda mrefu. Mkewe akaacha kupalilia.

"Nitarudi kwa Omogaka," akasema mwishowe. "Si kwako. Na chakula chako sitakula."

Alirudi. Alijipikia mwenyewe uani. Mimi napika uji wa baba, naweka mlangoni, Onsongo anauingiza. Miaka karibu miwili nyumba yetu ilikwenda hivyo. Nilikuwa nawasikia ndani wakizungumza safari zao, mto uliofurika, siku waliyopotea na mzigo wa chumvi ukayeyuka. Mara nyingine walicheka. Nikifika mlangoni wananyamaza, kwa adabu, kama mnavyomnyamazia mtu wa mbali.

Baba alipozidi kuwa dhaifu niliingia nikapiga magoti, nikashika miguu yake.

"Baba, nipe radhi yako."

Aliniwekea mkono kichwani. Mkono ule ule wa kulia. Nikaanza kulia kwa furaha, nikidhani yamekwisha.

"Mimi nakuombea kila sala," akasema. "Wewe ni mwanangu, sikukutoa moyoni. Lakini radhi unayoitafuta mimi sinayo. Aliyeteswa hana ulimi wa kukusamehe."

Akautoa mkono.

Baba alifariki Onsongo akiwa amemshika, mimi niko jikoni nachemsha maji. Ami zangu walikuja matanga, nami nikangoja kufukuzwa. Kumbe baba alikuwa ameshawaita zamani, kabla ya kiharusi, akawausia mbele ya wazee wa msikiti kwamba nyumba ni yangu nikiwa hai. Waliheshimu. Hakuna aliyewahi kutaka kunitoa.

Nyumba ninayo. Nafagia vyumba ambavyo halali mtu. Onsongo alikwenda kwao baada ya arubaini, hakuniaga, nami sikumlaumu.

Basi ninyi mlio na mnyama mzee uani, awe farasi, punda, ng'ombe aliyewanyonyesha watoto wenu, hata mbwa, nawasihi. Siku yake ikifika mtaijua. Hakuna asiyeijua! Mimi niliijua pale pale nilipomwona ameweka kichwa chini. Moyo utakuambia ngoja kesho. Utakuletea na sababu nzuri nzuri: mgonjwa atasikitika, watoto watalia, mvua inanyesha. Usiusikilize. Jiulize jambo moja tu, anabaki hai kwa ajili yake au kwa ajili yako? Ukiona ni kwa ajili yako, ondoka upesi ukamwite mwenye bunduki, kisha urudi ukae naye. Mshike kichwa. Usiende dukani, usimwachie mtu mwingine, usigeuze uso.

Utalia. Lia tu! Kilio cha namna hiyo huwa kinakwisha.